Sentimita Tatu za Usukani

Ukisimama kituo cha mafuta na pikipiki ya michezo, swali ni lile lile, uwe Kibaha, Segera au Makambako: "Hii inamaliza ngapi?" Anayeuliza ana haki yake. Pikipiki imefunikwa plastiki toka taa ya mbele hadi chini ya injini, siti ya nyuma imeinuka kuliko ya mbele, na tairi la nyuma ni pana kuliko la Vitz. Ukimwambia inapita mia mbili anatikisa kichwa, anaridhika, anamwita mwenzake aje aone.

Jibu ni la kweli, ila kwa mtu anayetaka kuinunua halimsaidii hata kidogo. Wanaokuja kuniomba ushauri huwa nawarudishia swali jingine: kwa hamsini unakaaje juu yake? Sura hii ni ya pikipiki za daraja la kati, cc 600 hadi 700 hivi, zile zenye sura ya mashindano lakini zilizotengenezwa kwa mtu mwenye mgongo, mwenye kazi ya kuamkia na wazazi wa kwenda kusalimia mkoani. Zina raha yake na zina gharama yake, na gharama yenyewe mara nyingi haiji kwa mlango ambao mnunuzi anaulinda.

Tuanze na upepo. Kwenye pikipiki ya mashindano usukani uko chini, umebanwa kwenye shokapu za mbele, na vikanyagio viko juu na nyuma. Mwendeshaji anainama, kifua kinaelekea tangi. Wengi hudhani mkao huo ni wa kujificha upepo tu. Kujificha kumo, lakini upepo huo huo ndio pia unaombeba. Nguvu ya hewa huongezeka kwa mraba wa mwendo: ukitoka 50 kwenda 100 kwa saa, unasukumwa mara nne. Kuanzia mwendo wa barabara kuu na kupanda, hewa inayogonga kifua na mabega inapokea sehemu ya uzito wa kiwiliwili, na viganja vinabaki na kazi ya kuongoza. Mkao ule ulichorwa kwa ajili ya mwendo huo, na kwenye mwendo huo unaleta maana kabisa.

Sasa ishushe pikipiki hiyo kwenye barabara ya Dar es Salaam kwenda Morogoro. Ni karibu kilomita 190 za lami, na ukiangalia ramani utasema ni saa mbili. Lakini hiyo ni barabara ya vijiji. Penye nyumba, shule au soko pana kibao cha 50, na mbele kidogo ya kibao pana trafiki chini ya mwembe, tochi mkononi. Ukipigwa tochi ni faini, na usijidanganye kwamba utampita: picha yako inatangulia kwa simu, mwenzake anakungoja kijiji kinachofuata. Basi unatambaa hamsini, unafungua kidogo, unatambaa tena. Na kwa hamsini hakuna upepo wa kukubeba. Uzito wa kichwa, helmeti na mabega unashuka wote kwenye viganja viwili. Kabla ya Chalinze vidole vidogo vimekufa ganzi, shingo imekaza, na mtu aliyelipa mamilioni kununua mwendo amesimama pembeni ananyoosha mikono huku bodaboda yenye magunia ya mkaa inampita taratibu, dereva wake amekaa wima kama yuko sebuleni.

Kwa barabara zetu, basi, kimo cha usukani kina uzito kuliko farasi thelathini za injini. Wajapani walilijua hili mapema, wakalisahau, kisha wakalikumbuka.

Mwaka 1985 Kawasaki ilitoa GPZ600R, cc 592, silinda nne zilizopangwa mstari mmoja na kupozwa kwa maji. Honda ikajibu mwaka 1987 kwa CBR600F, cc 598, nguvu za farasi 85. Marekani iliuzwa kwa jina la Hurricane. Uingereza ilipewa jina la utani, kalibu ya jeli, kwa kuwa plastiki yake ilifunika injini nzima bila kuacha hata boliti la kuangaliwa. Wapenzi wa pikipiki wa siku zile walizoea kuona vyuma, wakacheka. Ila F ilikuwa na siti ya kukalika, usukani ulioinuka kidogo, stendi ya kati kwa mwenye kupaka cheni mafuta, na injini iliyokubali kwenda ofisini Jumatatu na kiwanjani Jumapili. Iliuzwa mno. Ikafanyiwa marekebisho makubwa mwaka 1991, tena 1995. Mwaka 1999 ikapewa fremu ya alumini, na 2001 kabureta zikaondolewa, mafuta yakawa yanapulizwa kwa injekta.

Watu husema pikipiki ya kukalika haishindi. Mwaka 2002 Mfaransa Fabien Foret alichukua ubingwa wa dunia wa Supersport akiwa juu ya toleo la CBR600F hiyo hiyo.

Mwaka uliofuata Honda ilileta CBR600RR, na hapo familia ikagawanyika. RR haikutengenezwa kwa ofisi. Ilichukua ubingwa wa Supersport kila mwaka kuanzia 2003 hadi 2008, na mhandisi aliyekuwa anawaza kuhusu viganja vya mtu wa kawaida akakosa wa kumsikiliza. Yamaha nayo ilikuwa na R6 tangu 1999, na kila baada ya miaka michache viwanda vilipandisha mizunguko ya injini, vikapandisha siti, vikashusha usukani. R6 ya mwisho kuuzwa kwa ajili ya barabara za Ulaya ilikuwa na siti yenye kimo cha milimita 850 na nguvu za farasi 118, ila ili uzione farasi zote ilibidi injini izunguke mara 14,500 kwa dakika. Gea ya kwanza ya pikipiki za aina hiyo inapita kilomita 100 kwa saa. Fikiria uko nayo Mwenge saa kumi na moja jioni, nyuma ya daladala: gea ya kwanza haijafika hata robo ya kazi yake, na wewe unanusa klachi inayoungua.

Mwishowe zilijimaliza zenyewe. Bei yake ilisogelea ya pikipiki za cc 1000, sheria za moshi za Ulaya zikazidi kubana, na mwisho wa mwaka 2020 Yamaha ikaiondoa R6 kwenye barabara za huko, ikabaki ya kiwanjani.

Wakati wakubwa wanapigana, Kawasaki ilikuwa imepita uchochoroni. Mwaka 2006 ilileta ER-6f, ambayo sehemu nyingine iliitwa Ninja 650R, baadaye Ninja 650: cc 649, silinda mbili tu, plastiki kwa nje, usukani juu, siti chini. Magazeti ya pikipiki hayakuishangilia sana. Watu waliinunua. Honda ikarudi kwenye uwanja huo mwaka 2014 kwa CBR650F ya silinda nne, na mwaka 2019 ikaibadili kuwa CBR650R. Badiliko hilo ndilo limeipa sura hii jina. Honda ilisogeza mishikio ya usukani mbele kwa milimita 30, vikanyagio ikavirudisha nyuma kwa milimita 3 na kuvipandisha milimita 6. Ni kazi ya fundi cherehani, wala si ya mhunzi: sentimita tatu hapa, nusu sentimita pale, na mteja anajiona yuko kwenye pikipiki ya mashindano wakati kiuno chake hakijui.

Ukitaka kujua kwamba mkao na ukali wa injini ni mambo mawili tofauti, angalia Yamaha R7 ya mwaka 2021. Injini yake ni ya silinda mbili, pole, farasi 73, ile ile ya MT-07 wanayofundishiwa wanaoanza. Lakini usukani umeshushwa chini kabisa, na malalamiko ya viganja yalianza hata kabla pikipiki haijapoa. Kwa hiyo mtu asikuambie kwamba ukipunguza farasi umepunguza maumivu.

Lipo jambo moja kuhusu namba za pikipiki hizi ambalo wauzaji hawalitaji. CBR650R ina nguvu za kilowati 70, yaani farasi 95. Daytona 660 ambayo Triumph iliitoa mwaka 2024 ina kilowati 70. Hiyo si bahati. Ulaya, tangu mwaka 2013, kijana mwenye leseni ya daraja la A2 haruhusiwi kupita kilowati 35, na pikipiki yake haiwezi kuwa imebanwa kutoka kwenye ile yenye zaidi ya mara mbili ya nguvu hizo. Mbili mara 35 ni 70. Kiwanda kinatengeneza pikipiki inayofika pale pale kwenye mstari, kinamuuzia kijana wa Lyon au Milano ikiwa imebanwa, akipata leseni kamili inafunguliwa. Kwa maneno mengine, pikipiki inayoshushwa bandarini Dar imekatwa kimo na wanasheria wa Brussels. Sisi tusio na sheria hiyo tumepata faida yake bila kuiomba, kwa sababu injini isiyoruhusiwa kukimbilia farasi nyingi huko juu inaweza kutengenezwa ivute vizuri huku chini.

Na kuvuta ndiko kwenyewe. Farasi zinakuambia pikipiki itafika wapi mwishoni. Mvuto, ule ambao wahandisi wanaupima kwa Nyutoni mita, unakuambia itafanya nini sasa hivi ukifungua mkono. R6 ile ya farasi 118 inatoa Nyutoni mita 61.7, na inazitoa injini ikizunguka mara 10,500 kwa dakika. Ninja 650 ina farasi 68 tu, ila inatoa Nyutoni mita 64, na inazitoa kwenye mizunguko 6,700. Soma tena namba hizo. Pikipiki ya "mtoto" inavuta zaidi, na inavuta mizunguko karibu elfu nne mapema.

Nenda nazo Kitonga. Unapanda ukitokea Ruaha, mbele yako kuna lori la mafuta linalotambaa kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka, nyuma yake fuso mbili na basi linalopuliza honi. Kona zinakuonyesha mita chache tu za barabara iliyo wazi. Nafasi ikitokea ni ya sekunde. Kwenye Ninja unafungua mkono ukiwa gea ya tatu, pikipiki inaondoka. Kwenye R6 lazima uwe umeshashuka gea mbili na injini inapiga kelele kabla nafasi haijatokea. Ukichelewa, basi limeshaichukua. CBR650R iko katikati ya hizo mbili. Silinda nne zinataka kuzungushwa zaidi kuliko mbili, na mvuto wake wa juu unakuja kwenye mizunguko 8,500 hadi 9,500 kutegemea mwaka wa toleo. Anayetoka kwenye silinda mbili ataiona imelala huku chini. Akiipandisha ikapita elfu nane atasikia sauti ambayo silinda mbili haitaitoa hata ukiibembeleza. Mimi sauti hiyo naipenda, na nakubali kwamba ni mapenzi, si hesabu.

Silinda nne zina deni lake jingine. Kwa jinsi pistoni zinavyopanda na kushuka mbili mbili, hubaki mtetemo mdogo wa kasi, mara mbili ya mzunguko wa injini, ambao mizani ya kawaida haiuondoi. Mwanzoni huusikii. Baada ya saa moja kwenye mwendo mmoja unauona kwenye vioo, sura ya gari la nyuma imekuwa ukungu, na kiganja cha kulia kinawasha. Wengine huweka vizito kwenye ncha za usukani. Husaidia kiasi.

Sasa tuje kwenye unachopoteza.

Kwanza ni miguu ya pikipiki yenyewe. Ili bei ishuke, viwanda hivi havikuminyi kwenye injini, vinakuminya kwenye shokapu. CBR600RR inakupa skrubu za kurekebisha kila kitu mbele na nyuma. CBR650R shokapu za mbele hazina hata skrubu moja, na ya nyuma unabadili mkazo wa springi tu. Kiwanda kimekisia uzito wako. Mtu wa kilo 65 peke yake atasema iko sawa. Mtu wa kilo 95 na begi atagonga chini kwenye tuta la kwanza. Na matuta tunayo. Chini ya pikipiki hizi mna nafasi ya karibu sentimita 13, na huko ndiko bomba la moshi lilikopitishwa. Matuta yaliyojengwa na wakandarasi yanapitika ukiyakata kwa mshazari. Matuta ya wanakijiji, yale ya udongo yaliyopigwa usiku baada ya mtoto kugongwa, yanakwangua bomba, na huna wa kumlaumu.

Pili ni uzito. CBR650R ikiwa na mafuta ni kilo 208 hivi, RR ya sasa ni 193. Kilo kumi na tano barabarani huzisikii. Utazisikia ukiisukuma kinyumenyume kwenye changarawe ya nyumba ya kulala wageni, usiku, mguu unateleza.

Tatu ni abiria. Kwa hili sina utetezi wa kuutoa. Siti ya nyuma ni ndogo, iko juu, na hakuna pa kushika pa maana. Kila ukigusa breki abiria anakuangukia mgongoni, na uzito wake unapita kwako, unaishia kwenye viganja vile vile tulivyoanza kuvihurumia. Maganda yanayokukinga upepo wewe, yeye yanamwachia wote usoni. Mama watoto alishuka Morogoro, akavua helmeti bila haraka, akasema, "Baba nanii, kurudi mimi napanda basi." Akapanda basi. Alifika nyumbani baada yangu na alikuwa na nguvu za kupika.

Joto ni kidogo, nitalipita: kwenye foleni feni ya rejeta inawaka na hewa ya moto inakulamba mapaja. Suruali nzito inatosha. Kwa foleni hizo hizo, toleo la CBR650R la mwaka 2024 linapatikana pia na klachi inayojishika na kujiachia yenyewe kwa umeme, mkono wa kushoto unapumzika, na kwa anayeishi Mbagala na kufanya kazi Posta hilo lina thamani kuliko farasi kumi za ziada.

Matumizi ya kila siku ndiyo yanayowashangaza wengi, na hapa nitakaa kidogo. Anayetoka kwenye Boxer amezoea kwamba kila kitu kipo Kariakoo, kipo hata kwa muuza spea wa kijijini, na fundi yeyote chini ya mti anakijua. Rimu ya CBR650R ni inchi 17, namba inayofahamika, lakini tairi ni 120/70 mbele na 180/55 nyuma, la waya, lisilo na tyubu. Ninja 650 inatumia 160/60 nyuma, nafuu kidogo. Hata hivyo utaliagiza, na utalisubiri. Cheni ya CBR650R ni namba 525. Ya bodaboda ni 428, na usikubali fundi anayekuambia ataipunguza ikae.

Tairi lenyewe linaliwa kwa namna ambayo barabara zetu pekee zinaijua. Limetengenezwa likiwa la mviringo ili pikipiki ilale kwenye kona. Ukienda nalo Dodoma na kurudi, mamia ya kilomita ya kunyooka, linaliwa katikati peke yake. Piga magoti uliangalie kwa usawa wa macho: juu limekuwa bapa, na kila upande kuna ukingo mdogo ambapo ubapa unakutana na mpira mzima. Kata za pembeni bado ni ndefu, muuzaji atakuonyesha hizo. Lakini ukiingia kona, pikipiki inasita juu ya ubapa, inagoma, kisha inavuka ukingo na kuanguka ghafla kuliko ulivyotaka. Wengi huuza pikipiki wakisema "imeanza kuyumba" wakati kinachoyumba ni tairi. Chagua yale ya safari, ambayo mpira wa katikati ni mgumu na wa pembeni laini. Yale ya mashindano yatakaa muda mfupi mno, na joto yanalotaka ili yashike hutalifikisha kwa hamsini.

Halafu oili. Kwenye gari klachi iko nje, kavu. Kwenye pikipiki hizi sahani za klachi zinaogelea ndani ya oili ile ile inayolainisha pistoni. Oili nyingi za kisasa za magari zina dawa ya kupunguza msuguano, na msuguano ndio unaoishikisha klachi. Fundi mmoja, mtu mzuri na mikono yake ni safi kwenye breki, aliniambia, "Bosi, oili ni oili. Hii ya gari ni ghali zaidi, kwa hiyo ni bora." Nikamwomba tusome kopo. Tafuta maandishi ya JASO MA au MA2 mgongoni mwa kopo. Yakiwa hayapo, liache, hata kama lina picha ya gari la mashindano. Dalili za aliyekosea ni rahisi: mlimani injini inapandisha kelele, pikipiki haiongezi mwendo.

Mafuta hayatishi. Kwa mwendo wa kistaarabu CBR650R inakwenda kama kilomita 20 kwa lita, na tangi ni lita 15.4, kwa hiyo Dar hadi Morogoro unafika bila wasiwasi. Ukiendelea hadi hifadhi ya Mikumi punguza mwendo. Barabara inakatiza mbuga kwa kilomita 50 hivi, na swala hajui kona yako.

Msomaji makini atakuwa ameshauliza: kama matuta, abiria na mizigo ni shida, si bora pikipiki ndefu ya safari? Ndiyo. Kawasaki inaitengeneza tangu 2007, inaitwa Versys 650, na injini yake ni ile ile ya Ninja 650. Usukani mpana, mtu anakaa wima. Shokapu za mbele zinasafiri milimita 150 badala ya 125, chini mna sentimita 17, tangi la matoleo ya kuanzia 2015 ni lita 21, na abiria ana siti ya kibinadamu. Kwa pesa na kwa barabara za Tanzania, anayenunua pikipiki moja ya kufanya kila kitu anunue hiyo. Nimewaambia wengi hivyo, wengine wakanisikiliza, hakuna aliyerudi kunilaumu.

Mwenye kubaki na ya michezo anabaki kwa sababu ya barabara kama ile ya Mombo kwenda Lushoto. Ni kilomita 33 hivi zinazopanda Usambara hadi kimo cha mita 1,400 hivi, nyembamba, upande mmoja mwamba na mwingine korongo lenye maji. Mwendo hauzidi sitini. Hapo usukani wa chini kidogo unakuweka karibu na gurudumu la mbele, na unalisikia: changarawe iliyomwagwa na lori la mawe, lami iliyolowa chini ya mti, ukingo uliovunjika. Kwenye Versys, uzito uko juu na mikono iko mbali, habari hizo zinakufikia zimechelewa na zimepungua. Kwenye RR zinakufikia zote, ila mikono imeshachoka kuzipokea tangu Korogwe. Ya daraja la kati inakufikisha Mombo ukiwa bado mtu, kisha inakupa mlima. Gea ya pili, ya tatu, ya pili. Breki za diski mbili mbele, unazigusa kwa kidole kimoja. Sijui njia nyingine ya kuielezea zaidi ya kusema kwamba nikifika Lushoto mjini huwa natamani pangekuwa mbali zaidi.

Kwa anayeamua kununua, nyingi zinakuja zikiwa zimetumika, na kilomita kwenye kioo zinaweza kuwa chache kweli, kwa kuwa wenye nazo huko zilikotoka huzitoa nje majira ya joto tu. Uchache huo una mtego. Soma ubavuni mwa tairi, tafuta namba nne ndani ya kiduara: 1419 maana yake wiki ya 14 ya mwaka 2019. Pikipiki yenye kilomita elfu sita na tairi la miaka kumi ina mpira mgumu usioshika lami yenye maji, hata kama kata zake zinang'aa. Angalia ncha za usukani, ncha za vikanyagio na kifuniko cha injini upande wa kulia na kushoto. Pikipiki ikilala chini hugusa hapo kwanza, na plastiki mpya upande mmoja tu ni habari. Zungusha usukani kushoto na kulia gurudumu la mbele likiwa limeinuliwa. Ukisikia kishimo katikati, bearingi zimekwisha. Linganisha namba ya fremu na ya kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu.

Kisha kaa juu yake. Usikae kwa kupigwa picha. Kaa robo saa, muuzaji aendelee na shughuli zake. Miguu kwenye vikanyagio, mtu akushikilie pikipiki wima. Achia mishikio yote miwili bila kusogeza mgongo. Kama kiuno kinaweza kukushika hapo ulipo, mikono itapona safarini. Kama unaanguka kwenye tangi, hiyo si saizi yako, na usukani wa kuongeza kimo uuzwao kando utakugharimu na mabomba ya breki marefu zaidi juu yake.

Injini iguse kabla haijawashwa. Iliyovaa huficha mengi ikiwa ya moto, na ile ya silinda nne huficha zaidi: mlio wa cheni ya ndani, moshi wa dakika ya kwanza, kusitasita kwa kushika moto, vyote hupotea ikishapashwa. Ukiikuta ya moto, mwambie muuzaji utarudi kesho asubuhi, na usimwambie saa ngapi.